Safari ya Mtoni kwa Bei ya Fahali

Nilirudi Kakamega katikati ya miaka ya tisini nikiwa na masanduku mawili, koti la baridi ambalo halikuwa na kazi yoyote kwetu, na diploma. Nitaitaja diploma hiyo mara kadhaa, na msomaji anivumilie, kwa sababu niliipata kwa jasho langu mwenyewe. Hakuna mjomba aliyenishika mkono, wala hakuna harambee iliyoitishwa kunipeleka Ujerumani. Nilikwenda kwa nguvu zangu, nikafanya kazi na kusoma kwa zamu, na nikarudi na karatasi yenye muhuri wa mviringo iliyosema, kwa Kijerumani, kwamba mimi ni mtaalamu wa utalii na hoteli. Niliitia kwenye fremu ya kioo na kuitundika sebuleni mwa nyumba niliyopanga Shieywe, mkabala na kiti cha wageni. Mgeni asiyeiulizia nilimuuliza mimi: "Kijerumani unakisoma?"

Wazo la safari ya mtoni nilikuja nalo kutoka huko huko. Katika mji nilioishi palikuwa na duka la kuuza tiketi za safari, na kwenye dirisha lake picha kubwa: mto mpana wenye rangi ya chai, msitu mnene pande zote mbili, mashua nyeupe katikati, na wazee wa Kizungu wenye kofia wakinyoosha vidole kuelekea kitu kilichokuwa nje ya picha. Nilisimama mbele ya dirisha lile katika theluji hadi vidole vya miguu vikafa ganzi. Nikajiambia: msitu wa mvua tunao. Mto tunao. Mvua yenyewe tunayo hata ya kuwagawia wengine. Kinachokosekana ni mashua na mtu mwenye diploma.

Nyumbani kwetu ni upande wa Malinya, huko Ikolomani. Kwa wakati huo waliokuwa wakiishi pale ni wawili tu: Mama, na ndugu yangu mkubwa ambaye hakuwahi kuoa wala kwenda mbali. Wa tatu wao alikuwa fahali.

Habari ya fahali huyo lazima niieleze. Mwaka wangu wa pili Ujerumani nilituma fedha nyumbani na barua iliyosema wazi kwamba Mama anunuliwe ng'ombe wa maziwa, apate chai ya maana. Ndugu yangu alikwenda sokoni na fedha hizo, akamwona ndama dume mwenye paji pana la uso na shingo kama gogo, akasahau chai. Niliandika kurasa mbili za hasira. Alinijibu kwa mstari mmoja: "Njoo umuone."

Niliporudi nilimwona. Alikuwa mweusi, mkubwa kama kibanda, na alikuwa hajashindwa katika uwanja wowote wa Ikolomani. Ndugu yangu alimkatia majani alfajiri, akamchanganyia molasi, akampangusa pembe kwa kitambaa ambacho mimi ningekitumia kufutia miwani. Fahali wa kupigana hafungwi jembe wala hakokoti mkokoteni. Kazi yake ni kula, kulala, na Jumamosi asubuhi kuwapiga wenzake. Nilipoambiwa hivyo nilisema hata mimi ningependa ajira ya namna hiyo, na ndugu yangu hakucheka.

Sikuelewa. Nilidhani ni mnyama tu. Lakini njiani watu hawakumsalimia ndugu yangu kwa jina lake. Walimwita kwa jina la fahali, na alikuwa akigeuka na kuitika. Kwenye baraza aliwekewa kiti. Mtu asiye na mshahara, asiye na mke, asiye na hata baiskeli, alikuwa na fahali, na kwa sababu hiyo alikuwa mtu. Mimi nilikuwa na diploma, na nilipopita walisema, "Yule ni mdogo wake mwenye fahali."

Jumapili moja mwanzoni mwa Januari, Mama alipika obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku. Tangu nirudi alikuwa akiniwekea mimi firigisi ya kuku. Kwetu firigisi ni ya mwanaume mwenye mji, na mwenye mji alikuwa ndugu yangu, lakini mgeni huheshimiwa. Miezi ilipita na mimi nikaendelea kuwa mgeni. Niliitafuna kila Jumapili nikiamini imekuja kwangu kwa njia ya elimu.

Siku hiyo niliimeza, nikanawa mikono, nikasema ninataka fahali auzwe.

Nilieleza vizuri, kwa mpangilio, kama nilivyofundishwa. Kisumu wako mafundi wa kutengeneza boti za ziwani. Bei ya fahali ambaye hajashindwa ingetosha boti ya mbao yenye injini, viti na paa la turubai. Tungeiweka Mto Yala, mahali unapopita ndani ya msitu. Watalii waliokuwa wakija kutazama ndege wangeacha kutembea kwenye matope na kupanda boti yetu. Na kwa kuwa fahali alinunuliwa kwa fedha zangu, niliomba tu baraka, si ruhusa.

Ndugu yangu alikuwa ameshika tonge. Alilirudisha kwenye sahani polepole, kama mtu anayeweka yai.

"Hiyo boti itapita mtoni," Mama akasema, "halafu?"

"Watalii watakaa ndani, Mama, watazame."

"Watazame nini?"

"Msitu."

"Na kwa miguu msitu hauonekani?"

"Kwa boti unaonekana vizuri zaidi."

Mama alizaliwa kando ya msitu ule. Alianza kwenda kuni akiwa mdogo kuliko mzigo wake. Alifuta mikono kwenye leso.

"Mimi huo msitu nimeutembeanga maisha yangu yote," alisema. "Sasa nipeleke mimi kwanza. Nikiwa ndani ya boti yako nione hata kitu kimoja ambacho sijawahi kuona nikienda kwa miguu, ng'ombe auzwe, na mtu asinune. Nisipoona, ng'ombe akae, na wewe unyamaze."

"Mama," ndugu yangu akasema, "kitu kimoja tu? Hata kipepeo?"

"Hata kipepeo."

Ndugu yangu aliinamisha kichwa. Mimi nilitabasamu. Nilikuwa nimesoma katika kitabu cha watalii kwamba vipepeo wa msitu ule hawajulikani idadi yao.

Boti ya Kisumu ilingoja fahali auzwe, kwa hiyo kwa majaribio nilihitaji nyingine ya bei nafuu. Nilimwendea fundi wa jua kali mjini Kakamega, mtu hodari wa matangi ya maji, nikamkabidhi mchoro wenye vipimo vya Kijerumani. Aliugeuza huku na huku.

"Hili tangi," akauliza, "mfuniko wake uko wapi?"

"Si tangi, ni boti."

"Boti ya mabati?"

"Meli zote kubwa duniani ni za chuma."

"Basi sawa, bosi. Lakini bomba la kutolea maji nitakuwekea tu. Huwezi kujua."

Aliitengeneza kwa siku nne, na ilikuwa inang'aa kama kioo cha kinyozi. Tuliijaribu kwenye bwawa la samaki la jirani wa Malinya, ikaelea, nami nikasimama ndani nikapiga saluti. Kuhusu kibali, karani wa ofisi ya misitu alitafuta fomu ya mashua kwenye kabati zima, hakuiona, akaniomba nimwandikie mwenyewe barua ambayo angeweza kuiweka kwenye faili. Niliiandika, nikajipa ruhusa, nikatia sahihi na cheo changu: mwenye diploma.

Tarehe niliichagua kwa utaalamu. Januari ndiyo wakati Wazungu wanakimbia baridi yao, kwa hiyo Januari ndiyo wakati wa kujaribu. Kwamba Januari ni kiangazi kwetu na mto unabaki mifupa, hilo halikuwa kwenye mitaala.

Kisha nikafanya kosa ambalo Mjerumani yeyote angeepuka kwa sababu tu hana isukuti. Niliagiza ngoma.

Huko Ujerumani, mashua za watalii zilikuwa zikiondoka gatini kwa muziki. Nami nilitaka Malinya yote ijue. Ndugu yangu alikuwa anajuana na wapigaji wa isukuti, wale wale wanaomsindikiza fahali kwenda uwanjani, kwa hiyo nilimtuma yeye awalete Jumamosi. Alijikuna shingo.

"Isukuti msituni? Wanyama watahama, wewe. Mama hataona hata panya."

"Muziki ni sehemu ya huduma."

"Na fahali? Akisikia ngoma zinaondoka bila yeye atabomoa boma. Hizo ngoma ni zake. Akizisikia anajua ni vita."

"Basi mlete. Mfunge mbali na mto."

"Diploma," akasema, maana hilo ndilo jina alilonipa, "nakuambia tu."

Nilimwona ni mtu anayetafuta visingizio. Ilinichukua muda mrefu kutambua jambo ambalo hata mtoto angeliona pale pale: kama Mama asingeona kitu, fahali angebaki. Ndugu yangu alikuwa na kila sababu ya kunyamaza na kuniachia nilete ngoma zote za Ikolomani. Badala yake alinionya.

Tuliondoka Jumamosi kukipambazuka. Wanaume sita walibeba mashua kichwani, imegeuzwa chini juu. Mbele walikwenda wapiga isukuti, ngoma tatu na mpuliza pembe, wakitafuna mizizi ya mukombero ili wasichoke. Nyuma akaja Mama na gauni la kanisani, mwavuli na kamba ya kufungia kuni. Nilimwuliza kamba ya nini, akasema hajawahi kutoka msituni mikono mitupu na hataanza leo. Mwisho alikuja ndugu yangu na fahali, ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha kubadilika.

Ikumbukwe kwamba isukuti kwetu hupigwa pia matangani. Sasa fikiria mtu aliyesimama kando ya barabara asubuhi, anaona sanduku refu la mabati juu ya vichwa vya watu, ngoma mbele, mama mzee kavaa vizuri nyuma, na fahali wa mji anafuata. Wanaume walivua kofia. Mama mmoja aliacha mtungi wake akaanza kulia kwa sauti, kisha akamkimbilia Mama na kumkumbatia.

"Woi, woi! Ni nani huyo? Ni yule wa Ujerumani?"

"Ni yeye," Mama akajibu, "lakini bado anatembea. Yule pale mbele, wa suti."

Ndiyo, nilikuwa nimevaa suti.

Tulifika mtoni baada ya saa mbili, msururu wa watu wa Malinya ukiwa nyuma yetu. Nilikuwa nimekwenda kuupima mto ule mwezi wa tano mwaka uliotangulia, wakati wa mvua, na ulikuwa mnene na mweusi. Mto nilioukuta Januari ulikuwa umetoa mawe yake yote nje kama mtu anayeanika vyombo. Wanaume waliishusha mashua, wakatazama maji, wakanitazama mimi. Nilipanda juu ya jiwe nikatoa hotuba. Nilitaja Ulaya, maendeleo, na diploma. Mmoja wa wabebaji akauliza kama hotuba ingeongeza maji.

Mama aliingia, akakaa, akafungua mwavuli. Mimi nilisimama nyuma na mti mrefu wa kusukumia. Isukuti zikapigwa, pembe ikalia, na safari ya kwanza ya mtoni katika msitu wa Kakamega ikang'oa nanga, kama ingekuwa nayo.

Kwenye dirisha la Ujerumani hapakuonyeshwa kwamba mashua huenda taratibu. Njia ya miguu ilifuata ukingo wa mto, na ngoma zilitufuata kwa njia hiyo, watu na fahali nyuma yake, kisha zikatupita, kisha zikasimama kutungoja.

"Nahodha!" mpuliza pembe akaita. "Tukungojee ama tutangulie?"

Nilijifanya sisikii. Nilikuwa nikitoa maelezo. "Upande wako wa kulia, Mama, utaona mti mkubwa wa asili—"

"Huo tulikuwa tunaokotea kuni chini yake. Una mizizi yenye siafu."

"Na huko mbele, penye kivuli—"

"Hapo shangazi yako alianguka akavunjika jino."

Hakuna mnyama aliyeonekana. Hakuna ndege. Kila kitu chenye masikio kilikuwa kimehamia mbali. Nilianza kutafuta vipepeo kwa bidii, nikaona kimoja cheupe, nikakinyooshea kidole kwa shangwe. Mama alisema hao huwa wanakaa kwenye kinyesi cha ng'ombe nyumbani.

Pale mto unapopinda, mashua ilipanda juu ya jiwe bapa na kukaa. Nilisukuma kwa mti, mti ukavunjika. Nilichutama, nikasukuma kwa mikono, suti ikachanika mgongoni kwa sauti ambayo hata ng'ambo waliisikia. Wapiga ngoma wakaonelea kwamba hii ni mapumziko. Wakaketi kwenye nyasi, na ndugu yangu akamfunga fahali kwenye mti. Kukawa kimya.

"Keti," Mama akaniambia. Nikaketi mbele yake, magoti kwa magoti, ndani ya tangi lile.

"Huko kwa Wajerumani," akasema, "ulifanya kazi kwenye boti kama hizi?"

"Kubwa zaidi, Mama. Zilikuwa na vyumba."

"Na ulikuwa unaona nini?"

Nilikuwa nimesimulia safari zile mara nyingi. Nilikuwa nimewaeleza watu wa Malinya majumba ya kifalme juu ya vilima, mashamba ya zabibu, madaraja. Nilifungua mdomo nieleze tena, lakini nilikuwa nimelowa hadi kiunoni, na mama yangu alikuwa amenishikia mwavuli.

"Viazi," nikasema.

"Viazi?"

"Nilikuwa jikoni, Mama. Jiko liko chini, karibu na maji. Nilimenya viazi. Kulikuwa na kidirisha cha mviringo, kadiri ya sahani, na mara nyingi mvuke ulikuwa umekifunika. Majumba niliyaona kwenye kadi za posta zilizouzwa juu. Nilikuwa nanunua moja moja."

Mama hakucheka, ingawa ningependelea acheke. "Miaka yote?"

"Miaka minne."

"Na wale waliokuwa juu, walikuwa wanaona?"

Nilifikiri. "Wengi walikuwa wanalala. Walikula viazi, wakalala."

Hapo ndipo Mama aliponigusa goti na kuinua macho. Kwa kuwa ngoma zilikuwa zimenyamaza, mbega walikuwa wamerudi. Walipita juu yetu kutoka mti hadi mti, manyoya meupe yakining'inia ubavuni kama mashuka. Wa mwisho alikuwa jike, na kifuani mwake palikuwa na kitu kidogo, cheupe chote, cheupe kabisa kama pamba, chenye uso wa mzee.

"Ni nini kile?" nikanong'ona.

"Ni mtoto wake. Wakizaliwanga huwa weupe hivyo. Weusi unakuja baadaye." Akaniangalia. "Kwani hujui? Umezaliwa hapa."

Sikujua. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na sita, mtaalamu wa utalii, na nilikuwa nikimwona mtoto wa mbega kwa mara ya kwanza. Mama alikuwa amewaona wangapi, hata hakujishughulisha kukumbuka.

"Tuendelee," akasema. "Mimi ni mzito. Nikishuka itatoka." Akafunga mwavuli, akapanga gauni, akapanda juu ya jiwe bapa akasimama, kamba yake ya kuni begani. Nilimwita mpuliza pembe nikamwomba watusaidie kusukuma. Wao walielewa kwamba tunahitaji kutiwa moyo. Wakapiga isukuti.

Hawakupiga ngoma ya harusi wala ya matanga. Walipiga ile wanayoipiga fahali wawili wanapoingizwa uwanjani.

Sasa tazama kwa macho ya fahali. Amesindikizwa tangu alfajiri kwa ngoma zake. Ametembea saa mbili akijua ni vita. Amefungwa kwenye mti akangoja. Ngoma ya mapambano inalia, watu wanapiga kelele, na pale mbele, majini, kuna kitu kipana kinachong'aa ambacho kinamtazama kwa uso mweusi wenye pembe, maana mabati yalikuwa mapya na yalimwonyesha sura yake. Mimi nilisikia tu kamba ikikatika.

"Toka!" ndugu yangu akapiga kelele kutoka ukingoni. "Diploma, toka humo!"

Nilitoka. Sitasema nilitoka vipi. Niliangukia upande wa kina, na nilipoinua kichwa niliona maji yakiruka pande zote na fahali wetu akikipiga chombo changu kwa paji la uso. Mlio ulikuwa kama kengele ya shule. Alirudi nyuma hatua mbili, akainama, akapiga tena, na pembe ikapenya. Ukingoni watu walikuwa wamesahau kabisa safari ya mtoni. Walikuwa wakishangilia mapambano. Nilimsikia mtu akisema mabati yana miguu mizuri.

Mara ya tatu pembe iliinua mashua kutoka kwenye jiwe. Ikayumba, mkondo ukaishika, ikageuka, na ikaondoka kuteremka mto ikiwa imempa fahali mgongo.

Kila mtu wa Ikolomani anajua maana yake. Katika uwanja wetu hakuna haja ya damu. Anayegeuka na kukimbia ndiye aliyeshindwa. Kelele iliyopanda pale nadhani ilisikika hadi Matete. Watu walikata matawi wakaingia nayo majini, wakamzunguka fahali wakicheza, na yeye akasimama katikati, amelowa, akiitazama mashua ikipotea kwenye kona, kama mfanyabiashara anayefunga duka.

Ndugu yangu alikuwa tayari ndani ya maji, ameshika kipande cha kamba kilichobaki. Kilikuwa kimemchana kiganja, damu ikidondoka.

"Mama yuko wapi?" akauliza.

Mama alikuwa pale pale juu ya jiwe, mkono umefunika mdomo, mabega yakitikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka hivi kwamba ilibidi akae.

"Na wewe umeumia?" ndugu yangu akaniuliza. Nilimwambia hapana. Akatikisa kichwa, akaanza kumwagia fahali maji penye mchubuko juu ya jicho. Bila kunitazama akasema, "Sasa atapata bei nzuri. Amepigana na chuma."

"Unasema nini?"

"Si Mama ameona? Fahali kupigana na boti. Hicho kitu hakuna mtu amewahi kuona. Masharti ni masharti."

Watu waliokuwa karibu wakaacha kucheza, na habari hiyo ikapita kwa wengine nao wakashusha matawi. Kumbe Malinya nzima ilijua masharti. Wote walimtazama Mama.

Mama alifuta machozi. "Nimeona, ndiyo," akasema. "Sijawahi kuona kitu kama hicho tangu nizaliwe."

Ndugu yangu akaendelea kumwagia fahali maji.

"Lakini," Mama akasema, "mimi nilikuwa ndani ya boti? Boti iko wapi? Mimi nilikuwa nimesimama hapa juu ya jiwe, kwa miguu yangu miwili."

Walicheka hadi wengine wakashikana. Mimi nilikuwa na hoja. Mwenye diploma hakosi hoja. Jiwe lile lilikuwa katikati ya mto, na Mama asingelifikia bila usafiri wangu. Kwa hiyo aliyoyaona yalikuwa sehemu ya huduma. Na juu ya hayo fedha zilikuwa zangu, na barua niliyoiandika kutoka Ujerumani ilisema ng'ombe wa maziwa. Nilifungua mdomo. Ndugu yangu aliuona ukifunguka, akasimama wima, kiganja kilichochanika kimebanwa chini ya kwapa, akangoja niseme.

Nikaufunga. Nikasema nimeridhika, safari ya mtoni haina faida. Ni sentensi fupi kuliko zote nilizowahi kuitungia mada ya utalii, na bado naamini ndiyo yenye utafiti wa kutosha zaidi.

Tulirudi nyumbani. Mama alitangulia na mzigo wa kuni kichwani. Mashua ilipatikana siku ya pili kwa wanawake wanaofua nguo chini ya mto. Walikuwa wameanza kuipenda, ikabidi tuwabembeleze. Fundi aliziba matundu, na kwa kuwa aliacha lile bomba la kutolea maji, ilifaa sana kuwa birika la kunyweshea fahali. Miaka yote iliyobaki alikunywa humo, na alikuwa na desturi ya kuipiga teke moja dogo kabla hajainama, isije ikasahau.

Mimi niliendelea na utalii, lakini kwa miguu. Nilinunua viatu vya mpira na kuwapeleka wageni kwenye njia za kuni, bila ngoma. Niliwaonyesha watoto wa mbega kama mtu aliyewajua tangu utotoni. Wajerumani waliokuja walishangaa Kijerumani changu, hasa msamiati wa jikoni.

Jumapili iliyofuata ile safari, Mama alipika tena ingokho, na akaniwekea firigisi kama kawaida. Niliitazama. Nikaichukua kwa vidole viwili, nikainuka kidogo kitini, nikaiweka kwenye sahani ya ndugu yangu, karibu na ule mkono wake uliofungwa kitambaa. Kilikuwa kile kile cha kupangusia pembe.

Hakushukuru. Aliitia mdomoni, akaitafuna kwa muda mrefu, macho yake yakiwa nje kwenye boma.

"Kumbe Diploma," akasema akiwa bado anatafuna, "kuna vitu unajuanga."